Tupeane uzoefu: ulianzaje biashara yako ndogo hapa Nairobi, na ni nini kilitaka kukumaliza?

MkaziWaPipeline
Wadau, jana jioni nimeshuka steji hapa Pipeline nikakuta duka jipya chini ya ghorofa. Maputo mlangoni, spika inanguruma, kijana na mkewe wamevaa fulana zinazofanana wanagawia watoto peremende. Wanauza vyombo vya plastiki. Mlango huohuo mwaka jana ulikuwa buchari, kabla ya buchari kinyozi, kabla ya kinyozi mama wa chipsi. Nilitamani kuwauliza kama wanajua. Nikanyamaza, maana hata mimi wakati wangu hakuna aliyeniambia, na angeniambia ningemwona ana wivu.

Basi walioanza biashara hapa Nairobi, iwe kibanda, iwe duka, iwe ya kutembeza, leteni hadithi. Yale ya semina, fanya utafiti wa soko, jiamini, tumeyasikia. Nataka miezi ya kwanza. Pesa ilitoka wapi, ikaenda wapi, na nani alikufukuza.

BaronWaSmoki
Nafungua mimi. Nilikuwa bawabu, kampuni ikapoteza tenda tukapelekwa nyumbani. Nilikuwa na akiba kidogo nikaenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, nikatengenezewa troli yenye jiko chini na kioo juu. Watu hudhani smoki, zile soseji za moshi, ni kununua pakiti na kupasha. Pakiti ina vipande 22. Ukiuza 30 kila kimoja unashika 660. Toa bei ya pakiti, toa makaa, nyanya, kitunguu, pilipili, karatasi za kufungia, toa na kile unachokula mwenyewe ukiwa umesimama pale tangu saa kumi, utajua kwa nini watu wa troli ni wembamba. Faida iko kwenye mayai, na wateja huletwa na kachumbari. Smoki yenyewe iko pale kama bendera.

Sasa mambo ya nafasi. Asubuhi ya kwanza nimeegesha steji, akaja mama wa mayai akaniuliza kwa upole, "Kijana, hapo umepewa na nani?" Nikasema hii ni barabara ya umma. Akacheka, hakunijibu, akaendelea kumenya mayai yake. Kufika saa tatu makanga wawili wameinua troli yangu na jiko likiwaka, wameivusha barabara kwa adabu kabisa, wakaniwekea upande wa pili na kunitakia siku njema.

Ule upande wa pili ndio ulionilisha hadi leo. Upande wa kupandia gari asubuhi kila mtu anakimbia, anaangalia saa, hana haja na yai. Upande wa kushukia jioni mtu ametoka kazini, amekaa kwenye foleni ya magari, tumbo linaunguruma, nyumbani hakuna kilichopikwa. Huyo atasimama hata mvua inyeshe. Mama wa mayai alikuja kulijua hilo akataka tubadilishane. Nikamuuliza kwa upole, "Mama, hapo umepewa na nani?"

Wambo254
😂😂 Makanga wa kwetu hawana adabu ya kuvusha, wangeila.

FundiCherehani
Mimi sare za shule. Nilikodi chumba Kawangware Februari 2020, cherehani mbili, moja yangu na moja ya kuazima. Nikachukua vitambaa vya sweta na marinda kwa mkopo kwa Mhindi mmoja wa Biashara Street tuliyeaminiana tangu zamani. Hesabu yangu ilikuwa muhula wa pili, wazazi wakianza kulalamika kwamba watoto wamerefuka.

Jumapili tarehe 15 Machi Rais Uhuru akatangaza shule zifungwe. Nilikuwa nakula. Nikaendelea kula, kwa sababu sikuelewa. Nilielewa Jumatatu nilipofungua mlango nikatazama marobota ya kitambaa cha buluu. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni kila mtu ndani.

Kilichoniokoa ni barakoa. Kitambaa cha shati la shule kilekile, lastiki ya chupi nikainunua Eastleigh. Mwanzo niliuza mia moja moja, watu wakapanga foleni. Kufika Juni kila kona ina mtu wa barakoa, bei imeshuka hadi ishirini, halafu zikaja zile za dukani za kutupa. Deni la kitambaa nililimaliza, lakini kile chumba nilikiacha. Sasa nashonea nyumbani, chumba kimoja tunalala, kimoja mashine, na sina mtu wa kuniletea notisi isipokuwa mume wangu.

Sukuma_ya_Asubuhi
Pesa ilitoka wapi? Hustler Fund, ule mkopo wa serikali wa kwenye simu, ilipozinduliwa mwishoni mwa Novemba 2022 niliomba usiku huohuo. Wakanipa kikomo cha 500. Zikaingia 475, kwa sababu 25 wameniwekea akiba. Nikaamka alfajiri nikaenda soko la Marikiti na mtaji wa serikali mkononi. Sukuma, vitunguu viwili vitatu, nauli ya kurudi sina. Nilitembea na mzigo kichwani hadi Shauri Moyo.

Jogoo_la_Githurai
Lakini ulianza. Kuna watu wako hapa wanangoja laki tano.

Sukuma_ya_Asubuhi
Nilianza, ndio. Na baada ya siku 14 nikalipa, kikomo kikapanda kidogo kama mtoto anayeota meno. Saa hii nina meza mbili. Lakini msiniambie eti 475 ilinitoa kwenye umaskini, ile biashara ilisimamishwa na mama mwenye nyumba aliyenisubiri kodi.

Karani_Mstaafu
Habari zenu. Nimesoma kwa makini, na naona hakuna hata mmoja aliyetaja kusajili. Kijana, kwanza jina la biashara kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, gharama yake haizidi sana shilingi elfu moja. Pili PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru. Tatu leseni ya kaunti, na siku hizi Nairobi imeunganisha zile karatasi nyingi, biashara, zimamoto, afya, matangazo, ziko katika leseni moja. Nne, kama unauza chakula, wewe na msaidizi wako mnahitaji cheti cha afya cha mtu anayeshika chakula, hupimwa tena kila miezi sita. Ukiwa na hivi vyote unalala usingizi.

Jogoo_la_Githurai
Mzee, heshima yako, lakini mtu ana 475. Akamilishe hiyo orodha kwanza ndio auze sukuma? Mimi naamini uza kwanza, ukiona inatembea ndipo usajili. Nusu ya biashara hufa kabla ya leseni kukauka wino.

Karani_Mstaafu
Na nusu nyingine hubebwa kwa lori kwa sababu haina leseni. Chagua.

Jogoo_la_Githurai
Mzee, troli haina hata mahali pa kubandika hiyo leseni.

BaronWaSmoki
Ipo. Nimebandika kwenye kioo. Cheti cha afya pia, na picha yangu nimenyoa vizuri. Msinitumie kama mfano bila kuniuliza.

Chapo_Moto
Ushuru je? Mimi niliambiwa biashara ndogo hailipi.

Karani_Mstaafu
Swali zuri. Kuna ushuru wa mauzo, tangu Julai 2023 ni asilimia 3, kwa biashara ambayo mauzo yake kwa mwaka yamepita milioni moja na hayajazidi milioni 25. Unawasilisha kila mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Angalia vizuri, nimesema mauzo. Faida haimo kwenye hesabu hiyo. Milioni moja kwa mwaka ni kama 2,740 kwa siku ukifungua kila siku. Mama wa chapati mwenye wateja anaifikia bila kujua.

Chapo_Moto
Afadhali nisingeuliza.

MamaMahamri
Hamjambo wanangu. Mie ni mtu wa Mombasa, nimeolewa huku, naishi South B. Nilianza na mahamri na mbaazi za nazi, mlangoni kwangu, kila asubuhi. Watu wa bara wakipita wanasema, "Mama nipe mandazi." Mwanzo nilikuwa nasahihisha, baadaye nikaona anayelipa na aite atakavyo. Shida yangu ilikuwa nazi. Kwetu nazi ni kitu cha kuokota, huku nikienda Marikiti nanunua kama dawa, na ukiivunja nyumbani moja kati ya kumi imeoza. Wiki za mwanzo nilikuwa nikila hasara na kusifiwa mapishi. Nikapandisha bei shilingi tano, wakanuna siku mbili wakarudi.

Mtu akikusifu sana tazama kama amelipa, hilo tu ndilo langu.

DukaLaKona_Kayole
Mama umesema. Mimi kilichoniua ni daftari la madeni. Nilifungua duka la rejareja, unga, sukari, sabuni za kupima, mafuta ya kupima. Mwezi wa kwanza kila mtu jirani yangu, kila mtu ananiita mtu wa nyumbani. "Niandikie." Naandika. Mwisho wa mwezi nikajumlisha nikakuta mtaani nina pesa nyingi kuliko zilizoko dukani. Kukopa harusi kulipa matanga, wahenga hawakukosea. Kuna mama alianza kupitia njia ya nyuma akienda kazini ili asinione, kwa deni la 340.

Ushauri: usikopeshe mtu yeyote. Hata mama yako mzazi.

Mtumba_Halisi
Sikubaliani. Duka la mtaani lisilokopesha linauza kiberiti tu. Watu wa vibarua hulipwa Jumamosi, sasa Jumatano wale nini? Kopesha, lakini weka kikomo na usiongeze mpaka la kwanza lilipwe.

DukaLaKona_Kayole
Wewe unauza nguo Gikomba, mteja wako humjui jina. Wangu wanaishi juu ya dari yangu. Nikimdai baba ya watoto, mtoto wake anakuja dukani kununua maziwa ananitazama. Hebu nenda ukadai uone.

Mtumba_Halisi
Nimedai. Tena kwa adabu. Tatizo lako hujui kudai.

DukaLaKona_Kayole
Sawa professa.

Viatu_vya_Shiro
Mmeanza kugombana nami nimekwama pale kwa "nani alikufukuza". Kaeni chini niwape.

Nilikuwa nauza viatu vya wanawake kwa simu. Nachukua kwa jumla Eastleigh, napiga picha juu ya kitanda, nakutana na mteja pale mjini nje ya jengo la Archives. Sasa mteja wa Nairobi akisikia huna duka hutaka kulipa akiwa ameshika kiatu, na akishakishika anapunguza mia mbili. Nikasema natafuta stoli mjini, kile kijiduka cha ndani ya jengo.

Waliotafuta wanajua. Stoli ya mjini huipati kwa kubisha hodi kwa mwenye jengo. Unanunua nafasi kwa yule anayetoka, gudwili. Nimezunguka kuanzia Luthuli hadi Dubois, huku laki tatu, kule laki tano, moja ya chini karibu na mlango wa barabarani niliambiwa milioni na nusu. Na hiyo bado si kodi. Ni ahsante ya mtu kuondoka.

Mama mmoja anayeuza chai kwenye ngazi akaniambia orofa ya pili kuna jamaa anahamia Kisumu, mkewe amepata kazi. Stoli ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, lakini inatazamana na ngazi, kila anayepanda lazima akuone. Shelfu, kioo, taa, vyote anaacha. Alianzia laki mbili na nusu, tukashuka hadi laki moja na themanini. Kodi elfu kumi na nane kwa mwezi. Akanionyesha risiti. Tukaandikiana kwa wakili, mhuri ukagongwa. Laki moja ilikuwa zamu yangu ya chama, iliyobaki nilikopa sacco, mama yangu akawa mdhamini.

Nikapaka rangi ya pinki. Msinicheke. Nikatandika kapeti, nikapanga viatu, na jioni hiyohiyo nikauza jozi kabla hata sijamaliza kupanga. Nililala nikihesabu.

Kesho yake asubuhi nafika nakuta kijana amesimama mlangoni kwangu na begi la kava za simu, anajaribu ufunguo. Na ufunguo unaingia. Namuuliza wewe nani, naye ananiuliza wewe nani. Ana mkataba kama wangu, mhuri uleule, tarehe tofauti. Tukiwa bado tunapandishiana sauti akatokea mama kutoka Kitengela, nyuma yake kuna mbeba mizigo na gunia la wigi. Naye ana ufunguo.

Mtoto ameamka, narudi.

Wambo254
HAPANA. Rudi hapa.

Chapo_Moto
Nimeacha chapati jikoni inaungua. Shiro!

Jogoo_la_Githurai
Hii ni ya kutunga. Ufunguo wa tatu unatoka wapi?

BaronWaSmoki
Buda, ufunguo River Road unachongwa ukiwa bado unatafuta pesa mfukoni. Wewe umetoka Nairobi gani?

Mtumba_Halisi
Wakati tunamngoja, mimi niseme langu haraka. Gikomba. Robota la kilo 45 la suruali za jinzi za wanaume, ndivyo lilivyoandikwa. Wageni wa mambo haya, robota hulifungui kabla ya kulipa, unanunua kilichofungwa. Nikalifungua mbele ya watu, wanaochagua kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, wamenizunguka, mikono tayari. Ndani makoti. Makoti mazito ya theluji, yenye manyoya shingoni. Wale watu waliondoka kama walioitwa. Nilibaki na makoti yangu mwezi wa Januari, jua la kupasua kichwa.

Niliyaweka. Julai ilipofika na ile baridi yake nikayapandisha Limuru siku ya soko, yakaisha. Basi. Lakini kati ya Januari na Julai niliishi kwa shemeji.

Wambo254
Na stoo yako Gikomba usiweke kila kitu mahali pamoja. Ule moto wa Juni 2018 uliua watu 15, na walionusurika wengi walibaki na nguo walizovaa. Binamu yangu hadi leo harudi nyumbani bila kubeba robota moja.

Ejenti_Umoja
Mimi kidogo tu. Nina kibanda cha M-Pesa, nilianza 2009. Aliyeniangusha mwanzo ni mtu wa ujumbe feki. Anakuja na haraka, ana teksi inamngoja nje, anakuonyesha simu yake, "nimeshatuma." Tangu hapo kwenye simu ya mteja siangalii kitu. Naangalia salio langu. Hata awe padri.

MkaziWaPipeline
Nashukuru wote lakini nimeuliza mambo ya kuanza biashara, sasa kila mtu amekaa mlangoni anamngoja Shiro.

Chapo_Moto
Wewe nyamaza tunangoja.

Viatu_vya_Shiro
Nimerudi. Jogoo nimekusoma.

Tulimpigia jamaa, sisi watatu, kwa simu tatu. Zote zinaita, hazishikwi. Tukashuka kwenda kwa wakili. Kile chumba tulichosainia, tukakuta mtu anachapisha kadi za harusi na kuchonga mihuri. Anasema ile meza ya pembeni hukodishwa kwa siku, aliyekuwepo siku ile hamjui. Mama wa Kitengela akaketi kwenye kiti cha wateja, akaomba maji.

Tukarudi. Tukiwa ngazini tukasikia vishindo. Madalali. Vijana wa kubeba wamefungua kwa nguvu, viatu vyangu vinatupwa kwenye magunia, kulia na kushoto havijuani. Kiongozi wao akanipa karatasi nisome. Kodi ya miezi sita haijalipwa, 108,000. Mali ya dukani ilikuwa imeorodheshwa tangu mapema na mpangaji akapewa siku 14 alipe.

Siku 14! Yule jamaa alipopewa ile karatasi hakwenda kutafuta kodi. Alikwenda kututafuta sisi.

Nikawaambia hivi ni viatu vyangu, yeye hayumo. Akasema, dada, mimi natoa kilichomo ndani. Nikalala juu ya magunia. Nililala kabisa, na gauni. Mama wa wigi akavua viatu akakaa kizingitini, akasema atakayepita ampite yeye na presha yake. Mwenye akili alikuwa yule kijana wa kava. Aliteremka mbio akarudi na ajenti wa jengo.

Ajenti akatutazama wote watatu. Akasema hamjui hata mmoja wetu, anachokijua ni 108,000 na gharama za madalali, na atakayelipa leo ndiye atakayeandikwa mpangaji.

Hakuna aliyekuwa nazo peke yake. Tulichanga palepale ngazini. Fuliza yangu yote, ule mkopo wa M-Pesa, pesa ya shule ya mama wa wigi, kijana akauza begi zima la kava kwa jirani kwa bei ya kutupa. Zikapungua elfu tano, akatoa yule mama wa chai. Ndiyo, yuleyule aliyenipeleka kwa jamaa. Mpaka leo sijui kama alikuwa anajua.

Tukaandikwa majina matatu. Tukaita fundi akapiga mbao. Viatu kulia, wigi kushoto, kava za simu mlangoni. Rangi yangu ya pinki mama aliipaka krimu, akisema inamwonyesha mteja wa wigi kama ana homa.

Wambo254
Nimekosa maneno.

Chapo_Moto
Jamaa alipatikana??

Viatu_vya_Shiro
Namba ya OB, ya kuandikisha polisi, ninayo. Yeye sina.

Jogoo_la_Githurai
Haya nimeamini. Lakini dada, laki na themanini unampa mtu bila kuongea na mwenye jengo?

Viatu_vya_Shiro
Kaka, ukienda kwa mwenye jengo, yeye naye anataka yake, na anayetoka anampa mtu mwingine. Ndivyo mji unavyokwenda. Tafuta stoli uone kama utafuata kanuni zako.

Karani_Mstaafu
Naomba niseme bila kumlaumu binti yangu. Sheria ya nyumba za biashara, Sura ya 301, inamlinda mpangaji ambaye hana mkataba wa maandishi, au mkataba wake hauzidi miaka mitano. Mwenye nyumba hawezi kukutoa bila notisi ya miezi miwili kwa fomu yake maalumu, na ukipinga unakwenda kwenye Baraza la Kodi za Nyumba za Biashara. Lakini inamlinda mpangaji. Anayenunua nafasi kichochoroni, mbele ya sheria hata hajulikani. Ndiyo maana kabla ya shilingi moja kutoka, utake barua ya mwenye jengo yenye mambo mawili: anakukubali wewe, na anayetoka hadaiwi.

MamaMahamri
Kwetu kilemba, hiyo gudwili yenu, hulipwa mbele ya mwenye nyumba, kahawa inanywewa, wazee wapo. Mambo ya kupeana ngazini ni ya nini?

Jogoo_la_Githurai
Mama, mwenye jengo la mjini yuko Dubai. Kahawa utamnywesha kwa simu?

MamaMahamri
Basi na kilemba umpe kwa simu, tuone kama hatashika.

DukaLaKona_Kayole
Mimi kinachonisumbua ni mama wa chai. Shiro, mlimlipa ile elfu tano?

Viatu_vya_Shiro
Tulimlipa kwa chai. Yaani tunanunua kwake tu, bei anayotaka. Hatujawahi kumuuliza.

FundiCherehani
Mimi ningemuuliza.

Wambo254
Mimi nisingemuuliza. Alitoa elfu tano akiwa na birika.

MkaziWaPipeline
Haya basi, kwa kuwa mmeshaiteka mada, swali: ukiwa orofa ya pili mauzo yanakuwaje? Mimi nimeambiwa nafasi ya juu ni kaburi.

Viatu_vya_Shiro
Mwaka wa kwanza ni kuteremka barabarani na kiatu kimoja mkononi, ukiita watu mpaka sauti inaisha. Wenye maduka ya chini wanakuchukia. Lakini tarehe 25 Juni 2025, siku ya maandamano, wale wa chini walivunjiwa vioo wakabebewa hadi rafu. Kwetu hakuna aliyepanda ngazi. Tangu siku hiyo siionei wivu ile ya milioni na nusu.

Mtumba_Halisi
Lakini siku za kawaida unaionea.

Viatu_vya_Shiro
Siku za kawaida ndiyo. Hasa mwisho wa mwezi.

Ejenti_Umoja
Mama wa wigi bado mko naye?

Viatu_vya_Shiro
Ametuaga juzi. Amefungua saluni yake Kitengela, karibu na nyumbani, presha ilikuwa inamsumbua na ngazi. Upande wa kushoto uko wazi kuanzia mwezi ujao.

Sukuma_ya_Asubuhi
Uko wazi? Dada yangu anauza vipodozi anatafuta mjini. Gudwili ni ngapi?

Viatu_vya_Shiro
Hakuna gudwili. Theluthi ya kodi na stima mnagawana na kijana wa kava, yeye ndiye anayechaji simu za watu. Aje Jumatatu tumpeleke kwa ajenti aandikwe. Aje na kitambulisho.

Jogoo_la_Githurai
Na ufunguo atachongewa au anao tayari?